Jiko la mama Nyansiongo halitaki soketi ya redio

Panda matatu kutoka Keroka kuelekea Sotik katika juma la mwisho kabla ya Krismasi, kisha uangalie mizigo iliyo juu ya paa. Utaona magodoro, viti vya plastiki, pengine baiskeli ya mtoto. Siku hizi utaona pia sanduku kubwa la karatasi ngumu lililofungwa kwa kamba ya manila. Ndani yake mna jiko la umeme, lenye sahani nne za kupikia juu na oveni chini, ambalo kijana wa Nairobi amempelekea mama yake.

Msomaji mpendwa, huenda kijana huyo ni wewe. Huenda unaishi Umoja, Kayole au Kahawa West, na mwaka huu umejikaza ukasema mama amekula moshi wa kuni vya kutosha. Hiyo ni nia njema, wala hakuna wa kukulaumu. Lakini kabla hujalishusha sanduku lako pale Nyansiongo, keti tuzungumze kidogo kuhusu mahali jiko hilo litakapofungwa na mtu atakayelifunga.

Nina sababu ya kuuliza. Nilikwenda huko kumwamkia shangazi yangu, mjane mwenye shamba dogo la chai na ng'ombe wawili. Mwanawe alikuwa amemletea jiko kama hilo mwezi wa Aprili, likakaa ghalani msimu wote wa mvua nyumba ikimalizwa, hadi Novemba. Shangazi alikuwa na mpango wake: kuoka mikate na keki za kuwauzia majirani na walimu wa shule iliyo karibu.

Nilimkuta akiwa amevaa viatu vya mvua jikoni. Nikadhani ametoka kukamua.

"La, mwanangu," akaniambia. "Hivi ni vya jiko. Nikiligusa bila viatu linanitekenya mkono. Mimi nasema jiko hili lina pepo."

Jiko halikuwa na pepo. Lilikuwa na plagi.

HESABU YA DAKIKA MOJA

Nyuma ya kila jiko la umeme, au ndani ya mlango wa oveni, pana kibati chenye maandishi madogo. Kisome kabla ya kulipa pesa zako. Kile cha jiko la shangazi kilisema wati 9,600.

Wewe mwanafunzi uliye kidato cha tatu, hapa ndipo fizikia inapotoka darasani. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240. Gawanya 9,600 kwa 240 nawe utapata 40. Maana yake ni kwamba sahani zote zikiwaka pamoja na oveni, jiko hilo linavuta ampea 40. Sasa tazama soketi iliyo ukutani kwako, ile ya matundu matatu ya mstatili. Yenyewe ni ya ampea 13. Ukizidisha 13 kwa 240 unapata wati 3,120, na hapo ndipo mwisho wake.

Kwa hivyo oveni ndogo ya mezani yenye wati 2,000 inaweza kutumia plagi ya kawaida bila taabu, mradi soketi ni nzima na hakuna kitu kingine kizito kwenye waya huo huo. Jiko la sahani nne halina plagi kabisa. Ukilifungua kutoka kwenye sanduku lake utakuta limekuja bila plagi, mara nyingi hata bila waya. Mtengenezaji hakusahau. Anakuambia kwamba chombo hiki kinataka njia yake peke yake kutoka kwenye sanduku la breka hadi jikoni.

Fundi aliyeitwa na shangazi, kijana mpole wa huko huko, hakuusikia ujumbe huo. Alinunua waya mwembamba na plagi, akachomeka kwenye soketi iliyokuwa ya redio. Siku ya kwanza oveni iliwaka peke yake na mambo yakawa mazuri. Kisha Krismasi ikafika na wakaza wana nao wakafika. Huyu akapika wali, yule nyama, wa tatu akachemsha maji ya chai ya watu ishirini. Fyuzi ya plagi ikakatika.

Fundi akarudi. Alichofanya ni kitu ambacho mafundi wa aina yake wamekifanya tangu zamani: aliizungushia ile fyuzi karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi iliyofungwa hivyo haikatiki tena. Kinachokatika ni waya ulio ukutani.

Joto linalozaliwa ndani ya waya haliongezeki sawa na umeme unaopita. Umeme ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Ukiwa mara tatu, joto huwa mara tisa. Ndiyo maana waya uliokuwa baridi kwa redio na pasi unaweza kuyeyusha ganda lake ndani ya plasta bila mtu kuona. Pua ndiyo hutangulia kujua. Plastiki ya soketi inapoungua hutoa harufu inayofanana na ya samaki. Ukisikia harufu hiyo na hakuna aliyenunua samaki, zima swichi kuu.

KOSA LA PILI LILIKUWA BAYA ZAIDI

Soketi iliungua, ikabadilishwa, na maisha yakaendelea. Lakini jambo jingine likazuka. Kila shangazi alipowasha oveni, umeme wa nyumba nzima ulikatika. Akawasha tena, ukakatika tena. Mikate ikaharibika.

Nyumba ya mwanawe ilikuwa imewekewa kile kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Ni swichi ndani ya sanduku la breka yenye kitufe kidogo cha kujaribia. Kazi yake ni kupima umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ukirudi pungufu, maana yake ni kwamba kiasi fulani kimepita njia nyingine, pengine kwenye bati la jiko, pengine kwenye mwili wa mtu. Zile za nyumbani hutakiwa kukata upungufu ukifika miliampea 30, na hukata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Miliampea 30 ni kidogo mno. Fyuzi ya ampea 13 ingesubiri zaidi ya mara mia nne ya kiasi hicho kabla ya kushtuka, na moyo wa binadamu hauwezi kusubiri. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba fyuzi inalinda mtu. La hasha! Fyuzi na breka za kawaida hulinda waya usiungue. Mtu hulindwa na waya wa ardhi na hiyo RCD.

Kwa nini oveni ilikuwa inaikata RCD? Kumbuka jiko lilikaa ghalani miezi ya mvua. Koili za oveni zimejazwa unga mweupe unaotenga umeme na bati, na unga huo hunyonya unyevu wa hewa. Jiko likikaa bila kuwashwa katika baridi na ukungu wa Borabu, umeme huanza kuvuja kidogo kidogo kupitia unga huo hadi kwenye bati. Fundi aliyefuzu huja na mita ya kupimia uvujaji, akaikagua kila koili, akaikausha au kuibadilisha. Si ugonjwa mkubwa.

Kijana wetu hakuwa na mita hiyo. Alikuwa na koleo. Akafungua plagi, akakata waya wenye rangi ya kijani na manjano, akafunga tena. Oveni ikawaka, umeme haukukatika tena, shangazi akamshukuru na kumpa chai.

Waya wa kijani na manjano ndio waya wa ardhi. Unatoka kwenye bati la jiko, unapita kwenye sanduku la breka, unashuka nje ya nyumba hadi kwenye fimbo iliyozikwa udongoni. Ulipokatwa, umeme uliokuwa unavuja ulibaki kwenye bati ukimngoja mtu wa kuupitisha. Mtu huyo akawa shangazi, miguu mitupu kwenye saruji iliyotoka kupigwa deki. Ndipo akatafuta viatu vya mvua.

Nilimwuliza kama wajukuu walikuwa wameligusa. Akanyamaza kidogo. "Yule mdogo alilia siku moja," akasema. "Tulidhani ameungua."

Nilizima swichi kuu wakati huo huo, na jiko hilo halikuwashwa tena hadi alipopatikana fundi mwingine.

NJIA YA JIKO

Sasa nikueleze alichofanya yule fundi wa pili. Sikuelezi ili ukafanye mwenyewe, kwa maana sheria ya Kenya ya nishati ya mwaka 2019 hairuhusu mtu asiye na leseni kufanya kazi ya kufunga umeme. Nakueleza ili ukisimama nyuma yake ujue cha kuuliza, na ukiona anaruka hatua usimlipe.

Kwanza hakugusa jiko. Alikwenda nje kutafuta fimbo ya ardhi. Waulize watu kumi wa mtaa wako fimbo yao iko wapi, uone wangapi watajua. Ya shangazi ilikuwapo nyuma ya nyumba, imefunikwa na nyasi, na kibanio chake kimelegea. Aliisafisha, akakaza, akapima. Udongo wa Nyansiongo ni mwekundu na mvua hainyimi, hivyo fimbo iliyozikwa vizuri hupata ardhi njema huko kuliko katika nchi ya mawe na ukame. Lakini udongo mzuri haumsaidii mtu ambaye kibanio chake kimelegea.

Pili, alipiga hesabu upya. Ampea 40 ni za jiko likiwaka lote kwa pamoja, jambo ambalo hutokea kwa nadra, kwa sababu sahani na oveni hujizima na kujiwasha zenyewe zikishapata moto. Kanuni ya Kiingereza ambayo mafundi wetu walifundishwa husema: chukua ampea 10 za kwanza zote, ongeza asilimia 30 ya zilizobaki, na ongeza 5 ikiwa swichi ya jiko ina soketi ya birika pembeni. Kwa jiko hili ni 10, na 9, na 5. Jumla ni 24. Breka ya ampea 32 ikatosha.

Tatu, waya. Taa za nyumbani hutumia waya wa milimita mraba 1.5 na soketi 2.5. Kwa jiko alivuta waya wa milimita mraba 6, moja kwa moja kutoka kwenye breka yake, bila kiungo njiani. Kama jikoni pangekuwa mbali sana na sanduku angetumia 10. Aliupitisha ndani ya paipu, na hapa wewe mwenye nyumba ya mabati utege sikio: waya usiokuwa ndani ya paipu, ukichubuliwa na ukingo wa bati, unaweza kuufanya ukuta mzima wa nyumba kuwa na umeme.

Ununuapo waya, tafuta alama ya KEBS na usome ukubwa uliochapishwa kwenye ganda lake. Kisha mwombe mwenye duka akukwangulie ncha. Ikiwa ni nyekundu juu na nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Rudisha. Bei yake ni nafuu, lakini rahisi ni ghali.

Nne, swichi. Jiko linatakiwa kuwa na swichi yake kubwa ukutani, inayokata waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja. Mafundi huiita kuka yuniti. Isifungwe juu ya jiko. Mafuta yakishika moto kwenye sufuria hutapitisha mkono juu ya miali kuifikia. Iwe pembeni, umbali usiozidi mita mbili, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la sita akiambiwa "zima!" ataifikia. Na jiko lenyewe lisipakane na sinki.

Tano, nyuma ya jiko. Majiko mengi yanayoletwa kutoka nje yana skurubu tano au sita za kufungia nyaya, kwa sababu kwao huweza kufungwa kwa njia tatu za umeme. Ndani ya kifuko kidogo cha nailoni huja vipande vya shaba vya kuunganisha skurubu hizo kwa nyumba yenye njia moja kama ya kwako. Fundi asiyesoma kitabu hukitupa kifuko hicho pamoja na sanduku, halafu anashangaa sahani mbili hazipati moto. Akiviweka mahali pasipofaa, atasikia mshindo.

Kuna mtego mwingine wa rangi. Katika nyumba za zamani waya mwekundu ndio wa moto na mweusi ni nyutro. Katika nyaya za mtindo mpya wa kahawia ndio wa moto na wa buluu ni nyutro, na mweusi ukionekana humo huwa ni wa moto. Nyumba nyingi zina mchanganyiko wa yote mawili. Fundi asikisie rangi, apime.

KAMA UMEME ULIINGIA JUZI

Wako wasomaji ambao nyumba zao za mashambani ziliunganishwa kupitia ule mradi wa serikali ulioanza mwaka 2015, ambapo mteja alitozwa shilingi 15,000 badala ya takriban 35,000 za awali. Wengi ambao nyumba zao hazikuwa na nyaya ndani walifungiwa ubao mdogo wenye taa na soketi chache. Ubao huo umewasaidia sana watoto kusoma usiku na kina mama kuchaji simu. Lakini haukutengenezwa kwa oveni. Kabla ya kupeleka jiko kwenye nyumba ya namna hiyo, nyumba ifungwe nyaya upya na fundi mwenye leseni, na umwulize pia kama laini inayoingia inaweza kuubeba mzigo huo.

Leseni za mafundi hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, nazo zina madaraja. Mwambie fundi akuonyeshe yake. Fundi wa kweli haoni haya kuitoa mfukoni, na akimaliza kazi anakuandikia cheti. Ukiona anakasirika kwa kuulizwa, mpe nauli aende.

Jambo la radi siwezi kulipita. Nyanda za juu za Kisii na Nyamira hupigwa na radi mara nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi, na kila mwenyeji ana kisa chake. Mvua ikianza kunguruma, chomoa vilivyo na plagi, zima swichi ya jiko na ukae mbali nalo. Nisikudanganye: swichi iliyozimwa haizuii radi iliyoipiga nyumba au nguzo ya karibu. Hupunguza tu madhara ya ile iliyopiga mbali.

Kazi yote ilimchukua fundi wa pili siku moja na nusu. Soketi ya redio ilirudishiwa redio. Koili ya chini ya oveni ilipimwa, ikaonekana ndiyo iliyokuwa inavujisha, ikabadilishwa. Waya wa kijani na manjano ukarudi mahali pake. Shangazi aliambiwa avue viatu vya mvua, akakataa, akavivua baada ya fundi kuligusa jiko kwa mkono wake mwenyewe.

Lilibaki lalamiko moja. Mikate ya jioni ilikuwa inatoka myeupe, haipati rangi. Hilo halikuwa kosa la fundi. Jioni watu wote wakiwasha, umeme wa mwisho wa laini huweza kushuka. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, oveni hutoa takriban asilimia 70 tu ya joto lake. Kwa hivyo shangazi sasa huumua unga alfajiri, hukamua, huchuma chai, na mikate huingia ovenini saa nne asubuhi wakati wengine wako shambani.

Kile kitufe cha kujaribia RCD ameamua kukibonyeza kila mwezi siku ya malipo ya chai, ili asisahau. Umeme unakatika, redio inanyamaza, anauwasha tena.